Rehani ya Bijaya

Bijaya ilikaa na njaa miezi minne kabla ya Amiri Muhriz kukiri kwamba ameshindwa. Ngano ya mji ule ilitoka bonde la Sumamu, na bonde lote sasa lilikuwa mikononi mwa askari wa Amiri Wanudin wa Kusantina. Vita hivyo alivianzisha Muhriz mwenyewe, kwa kuchoma vijiji viwili vya mpakani ili majirani wamwite simba. Sasa simba alikuwa amenywea kama jogoo aliyenyeshewa, na raia wake, ambao hawakuwa wameomba vita na mtu, walikuwa wakichemsha majani ya porini wapate cha kuwapa watoto.

Ndipo wajumbe walipoanza kwenda na kurudi. Hatimaye masharti yakaafikiwa. Bonde litagawanywa katikati. Misafara ya kila upande itapita bila kuguswa. Na ili damu za nyumba mbili zichanganyike, upanga nao upate kuona haya, Amiri Muhriz atamwoza Amiri Wanudin binti yake, Azuna. Muhriz hakufikiri mara mbili. Alipiga muhuri wino ukiwa mbichi, akaamuru ngoma zipigwe mjini.

Asiyejua lolote alikuwa yule anayeozwa. Azuna alikuwa na miaka kumi na sita, na habari ya ndoa yake aliipata kwa mshonaji. Mama huyo aliingia na uzi wake wa kupimia, akamzungusha kiunoni na mabegani, huku akitafuna maneno kama kawaida yake.

"Hongera, bibi. Kusantina iko juu, baridi yake haina adabu. Nitakutilia bitana mbili."

"Kusantina nakwenda kufanya nini?"

Mshonaji alisimama na uzi mkononi. "Ee Mola wangu," alisema polepole. "Kumbe hawajakuambia."

Azuna alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha baba yake. Kabla hajafika mlangoni alimsikia mama yake, Bibi Yamna, akizungumza ndani. Bibi Yamna alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, lakini siku hiyo sauti yake ilikata kama kisu cha kuchinjia.

"Mashamba yangu ya zeituni nimeyauza kununulia watu ngano, sikukuuliza. Yamebaki mawili, yauze. Uza farasi. Uza hicho kilemba ulichokivika kichwa kitupu. Mtoto simtoi."

"Wanudin hakuomba zeituni," Amiri alijibu. "Kaomba binti. Na binti ndiyo kazi yake, Yamna. Binti ni daraja. Umewahi kuona daraja likilia kwa kukanyagwa?"

"Na Tamim yeye ni nini?"

Tamim alikuwa mwana wao wa kiume wa pekee, mtoto wa miaka minane, ambaye Azuna alikuwa amembeba mgongoni tangu hajaota meno.

"Tamim ni nguzo ya nyumba," alisema Amiri. "Nguzo haing'olewi."

Azuna alisukuma mlango akaingia. Hakupiga magoti wala hakulia. "Baba," alisema, "ukiuvunja mkataba, mimi huko itakuwaje?"

"Nitauvunjaje, na wewe uko mikononi mwao?"

"Hata vile vijiji ulivyovichoma vilikuwa ndani ya mkataba wa zamani."

Amiri Muhriz alimkunjia uso binti yake. "Ulimi huo uuache hapa Bijaya," alisema. "Kusantina hawatauvumilia kama mimi. Wewe unabeba uhai wa maelfu ya watu. Vumilia, mwanangu. Mwanamke kaumbiwa subira."

Maneno matamu hayo, hasa kwa mtu ambaye hatakiwi kuyatenda. Siku ya tatu kadhi aliitwa. Sheria inasema bikira aulizwe ridhaa yake, naye akinyamaza, kimya chake ni kukubali. Azuna aliulizwa kutoka nyuma ya pazia, na hakunyamaza: alilia hadi walioketi mbali wakasikia. Kadhi akajikuna ndevu. Akawakumbusha mashahidi kuwa wanazuoni wameyagawa machozi ya mwari mafungu mawili. Yakiwa ya moto ni ya huzuni, na ndoa isifungwe. Yakiwa ya baridi ni ya furaha, na ifungwe. Basi, kwa kuwa hakuna binti asiyefurahi kuolewa na amiri, machozi yale alihukumu kuwa ni ya baridi. Hakuna aliyeinuka kwenda kuyagusa. Ndoa ikafungwa, watu wakapewa tende na asali, na mtoto wa mtu akauzwa mchana kweupe mbele ya wacha Mungu.

Safari ilichukua siku sita, Azuna akiwa ndani ya machela iliyobebwa na baghala wawili. Kusantina ilikuwa mji uliokaa juu ya jabali kama taji, umezungukwa na korongo refu ambalo mto wake ulisikika lakini haukuonekana. Aliingia kwa daraja la mawe, na siku ile ile akaambiwa kwamba hatalivuka tena daraja hilo bila idhini ya mumewe.

Ndani ya ukumbi wa wanawake alipokewa na Bibi Munisa, mke mkubwa wa Wanudin, mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka na ulimi wa pilipili.

"Karibu, bibi Amani," alisema Munisa, na wanawake wote wakaangua kicheko. "Tumekungoja sana. Hebu geuka nikuone. Miye nilidhani amani ni kitu kikubwa, kumbe ni kijikondoo hiki tu."

"Njaa imetuma kilichobaki," alijibu Azuna.

Munisa akacheka zaidi ya wote. "Huyu ana meno," alisema. "Mleteeni kuskusi, asije akatuuma."

Tangu siku hiyo jina la Amani likamganda. Wanudin mwenyewe, mzee wa miaka hamsini na minane ambaye mwanawe wa kwanza alimzidi Azuna umri mara mbili, hakuwa mkali wala mpole. Alimjia kama mtu anayekwenda kukagua ghala: kuhakikisha kwamba kilichowekwa bado kipo. Azuna akajifunza kuishi. Alijifunza mzaha wa wanawake wa jikoni, akawafundisha wajukuu wa Munisa kuandika, na kila msafara wa Bijaya uliopita na shehena ya nta, alituma barua kwa mama yake. Baba yake katika miaka hiyo minne hakumwandikia hata mara moja.

Mwaka wa nne ulimkuta na mimba. Kwa mara ya kwanza moyo wake ukapata pa kutua. Hata Munisa alianza kumpelekea maziwa ya mbuzi kila asubuhi, huku akilalamika kwamba mgongo unamuuma kwa ajili ya mimba ya watu.

Mwaka huo huo Amiri Wanudin aliugua homa ndefu. Habari zikafika Bijaya, na kule palikuwa na Waziri Maklufu, mtu ambaye alipenda vita kwa sababu hakuwahi kupigana. Alimnong'oneza bwana wake kwamba msafara wa ngano wa Kusantina, baghala mia tatu, ungepita bondeni na walinzi wachache.

"Wanudin yuko kitandani, maulana," alisema. "Akifa, mkataba umekufa naye. Akipona, tutamwambia walikuwa majambazi."

Yupo aliyethubutu kuuliza habari za Bibi Azuna. Amiri Muhriz alipunga mkono. "Ni mke wa mtu," alisema. "Atatazamwa na mumewe."

Walinzi arobaini waliuawa katika bonde la Sumamu, na ngano ikaingia Bijaya kwa vigelegele. Wanudin hakufa. Aliinuka kitandani akiwa mwembamba kama fimbo, na hasira zake zilikuwa na afya kuliko yeye. Katika baraza lake wako waliosema binti wa Muhriz atupwe korongoni ili baba yake apate jibu. Wanudin alikataa hilo. Akamwendea Azuna na mlinzi mmoja, akamwamuru apande chumba cha juu cha ngome, upande wa kaskazini, ambako jua haliingii.

"Baba yako amevunja mkataba," alisema.

"Mimi nimevunja nini, bwana?"

"Wewe ndiwe mkataba."

Azuna aliweka mkono juu ya tumbo lake. "Basi mliandika juu ya ngozi ya mtu," alisema. "Na sasa mnaichana."

Mlango ulifungwa, ufunguo ukachukuliwa na Wanudin mwenyewe. Chakula kilikuwa mkate wa shayiri na maji. Bibi Munisa, ambaye ulimi wake haukuwa umembakiza mtu katika ngome ile, alipanda ngazi na magoti yake mabovu, akapitisha tini zilizokaushwa, moja moja, chini ya mlango.

"Kula, we bibi," alinong'ona. "Wanaume wakigombana, sijui kwa nini tumbo la mwanamke ndilo linalofunga."

Kwa mkono wa Munisa barua ilitoka. Azuna hakumwomba baba yake aje kumkomboa. Alimwomba kitu kimoja tu: arudishe ile ngano, aombe radhi, ili mlango ufunguliwe kabla ya kujifungua. Ngano yenyewe ilikuwa bado ghalani. Jibu lilichukua siku ishirini kufika, na lilikuwa na mistari mitatu. Amiri Muhriz alimwandikia kwamba mambo ya dola hayaendeshwi kwa machozi ya wanawake. Alimkumbusha kuwa amelelewa vizuri. Akamalizia kwa kumtaka awe na subira.

Azuna aliisoma mara moja, akaichomeka kwenye ufa wa ukuta uliokuwa ukiingiza upepo. Ndiyo faida pekee aliyopata kwa baba yake mwaka ule.

Mtoto alikuja mwezi wa saba wa mimba, wakati theluji ilikuwa imefunika mapaa ya Kusantina. Alikuwa wa kike. Alipumua saa chache, akanyamaza. Munisa, aliyeruhusiwa kuingia mlango ulipokuwa haufai kitu tena, ndiye aliyemwosha na kumvika sanda ya kipande cha shela yake mwenyewe. Walimzika chini ya ukuta wa kaskazini. Kesho yake Amiri Wanudin alipanda mwenyewe, akafungua mlango, akasimama pale na ufunguo mkononi kwa muda mrefu. Azuna alimpita bila kumtazama, akashuka ngazi.

Majira yaliyofuata jeshi la Kusantina liliteremka hadi pwani. Bijaya haikuhimili hata wiki tatu, maana hakuna aliyetaka kufa kwa ajili ya ngano aliyokwisha kuila Waziri Maklufu. Mabalozi wa Muhriz walikuja na maneno ya asali. Wakasema maulana yuko tayari kutoa binti mwingine, wa ndugu yake, mzuri kama mwezi wa kumi na nne.

"Mabinti zenu sitaki tena," Wanudin aliwajibu. "Anawatoa kama mtu anayetupa maganda. Safari hii nataka kitu kinachomuuma. Alete Tamim. Atakaa kwangu miaka saba, na siku baba yake atakapogusa msafara wangu, atajua mtoto yuko wapi."

Kwa mara ya kwanza katika ufalme wake, Amiri Muhriz alikosa usingizi. Aliagiza wajumbe waende tena kusihi, wakarudi mikono mitupu. Akaomba apewe fursa ya kuja Kusantina kwa miguu yake, na akapewa. Alifika akiwa na Tamim, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na Waziri Maklufu nyuma yao. Kabla ya kuonana na Wanudin aliomba aonane na binti yake.

Azuna alimpokea katika ukumbi wa wanawake uliokuwa umeachwa wazi kwa ajili yao. Muhriz alikuwa amezeeka. Mashavu yake yalining'inia.

"Umekonda, binti yangu," alisema.

"Nimekonda zamani, baba. Karibu ukae."

Hakukaa. Alisimama katikati ya ukumbi na maneno yakamtoka kama maji ya mtungi uliopasuka.

"Zungumza na mumeo. Hakuna mwingine atakayemsikiliza. Tamim ni mtoto. Hajawahi kulala nje ya nyumba ya mama yake. Kifua chake unakijua, baridi ikimpiga anakohoa hadi alfajiri, na hapa ni jabali tupu. Nani atamfunika? Akiugua nani atakaa naye? Watamtukana hawa. Watamwita mateka mbele ya uso wake. Na ikitokea fitina yoyote huko chini, kosa la mtu mwingine kabisa, shingo itakayoshikwa ni ya mtoto asiye na hatia. Ni mzazi gani mwenye moyo wa kufanya hivyo, Azuna? Hata mnyama hafanyi."

"Endelea, baba."

"Niendelee na nini?"

"Nataka kuyasikia yote. Maneno hayo nimeyangoja miaka mitano. Nilidhani huyajui. Kumbe unayajua vizuri, ila hukuona wa kumwambia."

Muhriz alifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Yako yalikuwa mengine. Wewe ulikuja kwa ndoa, kwa heshima."

"Heshima hiyo imelala chini ya ukuta wa kaskazini. Haikupata hata jina." Sauti ya Azuna haikupanda, lakini kila neno lilitua kama jiwe. "Nilikuandikia. Nilikuomba ngano tu, baba, ngano iliyokuwa ghalani. Ukanijibu mistari mitatu. Tamim akikohoa moyo wako unapasuka; mimi nilipokuwa nakula tini chini ya mlango, ulikuwa unalala?"

Mzee alilia. Kama kadhi wa Bijaya angekuwepo, asingepata taabu kujua kwamba machozi yale yalikuwa ya moto.

Azuna alimwacha akilia, akatoka. Uani alimkuta Tamim ameketi kwenye ngazi, miguu imekuwa mirefu kuliko kanzu yake. Kijana alisimama, akamtazama dada yake kama mtu anayetafuta sura aliyoisahau.

"Usihangaike, dada," alisema. "Nitakaa. Wewe ulikaa."

Maneno hayo ndiyo yaliyomkata Azuna kuliko yote. Alimshika kichwa, akakibana kifuani, kisha akaomba ruhusa ya kuonana na mumewe.

"Umekuja kumwombea ndugu yako," alisema Wanudin alipomwona.

"Nimekuja kukuambia kwamba utadanganywa mara ya pili. Ulimchukua binti, akavunja. Ukimchukua mwana, atalia mwezi mzima. Mwezi wa pili Maklufu atamkumbusha kwamba ndugu zake wana watoto wa kiume, na nguzo hukatwa nyingine. Baba yangu yuko mtu mmoja tu ambaye hajawahi kumtoa kafara."

"Nani?"

"Yeye mwenyewe."

Wanudin akacheka mpaka akakohoa. "Unataka nimchukue mzee?"

"Vijiji alivichoma nani? Wale watu arobaini aliwaua nani, Tamim? Mimi? Mwanangu aliyekuwa tumboni? Kila amani inapovunjwa, mnamfunga asiyeivunja. Hebu mara moja mfungeni mvunjaji, tuone kama itavunjika tena."

"Na Bijaya itashikwa na nani?"

"Tamim, na mama yangu akimshika mkono. Wakati wa njaa mama yangu aliuza mashamba yake kuwalisha watu. Mji unamjua."

Wanudin alimtazama kama anamwona siku ya kwanza. "Na wewe mwenyewe unataka nini?"

"Talaka yangu."

"Nimekutesa?"

"Ulifunga mlango, bwana. Ufunguo haukuwa kwa baba yangu, ulikuwa kwako. Naomba jambo kubwa, lakini sitalinunua kwa uongo."

Mzee aliinamisha macho. "Umeipata," alisema.

Asubuhi yake baraza lilijaa. Amiri Wanudin alitangaza kwamba amebadili sharti: Tamim atarudi Bijaya kutawala, na rehani ya amani atakuwa Amiri Muhriz mwenyewe, ambaye atakaa Kusantina katika chumba cha juu cha kaskazini kwa miaka saba.

Muhriz alitabasamu kwanza, akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna anayetabasamu naye, rangi ilimtoka.

"Mimi?" alisema. "Amiri, mwana wa amiri, nikae hapa? Na mvi hizi? Mnajua umri wangu?" Alimgeukia Waziri Maklufu, lakini waziri alikuwa akiyachunguza mapambo ya dari kana kwamba ameajiriwa kuyahesabu.

Tamim alipiga hatua mbele. "Baba ni mzee," alisema kwa sauti iliyopasuka kidogo. "Mimi nipo tayari. Nitakaa mimi."

Baraza lote likamtazama Muhriz. Huyu ndiye aliyelia jana hadi kilemba kikalowa. Huyu ndiye aliyeuliza ni mzazi gani mwenye moyo wa kufanya hivyo. Ilikuwa imebaki aseme neno moja tu: hapana. Lakini hakulisema. Alimtazama mwanawe, kifua chake, mabega yake membamba, kama mtu anayepima kitambaa sokoni ili ajue kama kitatosha. Kimya kile kilidumu muda wa kuhesabu hadi kumi, na kila aliyekuwepo alikisikia. Tamim naye alikisikia. Kijana alirudi nyuma hatua ile aliyoipiga, akasimama karibu na dada yake, na hakumtazama tena baba yake.

"Hapana," alisema Wanudin, na sauti yake ilijaa dharau. "Ninayemtaka nimeshamtaja. Mchukueni."

Siku ya kuondoka, Azuna alikwenda chini ya ukuta wa kaskazini na Bibi Munisa. Walipanga mawe upya, maana theluji ilikuwa imeyasukuma. Munisa aliahidi kuyatazama.

"Ukifika kwenu ule ushibe, bibi Amani," alisema Munisa. Safari hii hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kugeuza uso. Azuna alivuka daraja kwa miguu yake, Tamim akiwa kando yake, na kitu cha pekee alichokipenda katika mji ule akakiacha ardhini.

Bijaya iliwapokea bila ngoma, kwa sababu Bibi Yamna alikataza ngoma. Maklufu aliondolewa uwaziri, akakabidhiwa baghala na magunia apeleke Kusantina ngano ya kulipia ile iliyoporwa, yeye mwenyewe akitembea mbele. Msafara wa kwanza ulipopita bondeni bila kuguswa, watu walitoka mashambani kuutazama. Hakuna aliyeuvamia, mwaka ule wala uliofuata, na Amiri Muhriz, kutoka dirisha lake la juu, ndiye aliyekuwa akiomba kwa dhati kuliko wote usivamiwe.

Barua zake zilifika kila mwezi, nyingine mara mbili. Si za mistari mitatu. Kurasa zilijaa pande zote, hata pambizoni. Bibi Yamna hakuwa na macho mazuri tena, hivyo Azuna ndiye aliyemsomea, wameketi kwenye kivuli cha ukuta wa bustani wakichambua ngano.

"'Nimetolewa kwangu kama mbuzi wa mnada,'" alisoma Azuna. "'Ninalala kati ya watu wasionipenda, na kila tonge ninalokula natazamwa mkono. Upepo wa chumba hiki unaingia mifupani. Nawaambia, hakuna dhuluma duniani kama kumng'oa mtu nyumbani kwake na kumtupa ugenini, eti kwa ajili ya amani.'"

Bibi Yamna aliacha kuchambua. "Hebu rudia hapo kwenye dhuluma."

Azuna akarudia.

"Kumbe ngozi yake nayo inauma," alisema Bibi Yamna, akarudi kwenye ngano yake.

Azuna aliikunja barua. Alimwita mtunza ghala, akaagiza blanketi mbili nene za sufu zipelekwe Kusantina kabla ya theluji, kwa sababu chumba kile alikijua. Lakini hakutuma neno la kufariji, wala hakuomba sharti lilegezwe hata kwa siku moja. Huruma alikuwa nayo, kusahau hakuweza. Kwani wako wengi wa namna ya Muhriz, wanaowagawa watoto wa watu, na hata wa kwao, kwa mkono mwepesi, wakihubiri subira wasiyoijua ladha yake, hadi siku ncha inapogeuka kuwaelekea wao wenyewe. Siku hiyo ndipo wanapogundua kwamba chuma huchoma, na ndipo wanapoujaza ulimwengu kwa kilio. Waliosema hawakukosea: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.